Shajara ya mradi: "Anayemdai", mchezo wa msiba uliochezwa Temeke

Hii ni kumbukumbu ya kazi ya miezi minne ya kikundi chetu cha maigizo hapa Temeke, Dar es Salaam. Tuko tisa. Hatuna mfadhili wala jukwaa letu. Naandika kila hatua inapokamilika, ili kikundi kingine kikitaka kufanya mchezo mzito kwa fedha za kuchangishana kijue tulijikwaa wapi na kilitutoka kiasi gani. Fedha zote ni shilingi za Tanzania.

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Idi imepita, watu wamerudi kutoka makwao, andiko limekamilika. Ni kurasa 41, kazi ya mwenzetu mmoja.

Kisa ni cha usiku mmoja nje ya mochwari. Mzee wa Kizaramo amefariki na bili ya hospitali ni 1,840,000. Watoto wake watatu wanatakiwa kulipa kwanza ndipo wamchukue wakamzike, na kwa Waislamu kila saa ya kuchelewa kuzika ni mzigo. Usiku wa manane wanagundua kwamba baba alikuwa na akiba kwenye simu. Namba ya siri hakuna aijuaye. Simu inafunguka kwa alama ya kidole, na kidole kiko nyuma ya mlango unaolindwa na mlinzi. Kaka mkubwa anaitazama simu, kisha anautazama mlango.

Jina la mchezo limetoka kwenye tangazo tunalolisikia kila tukienda kuzika: kama yupo anayemdai marehemu, awaone wafiwa.

Kila mmoja amechanga 100,000, jumla 900,000. Mimi naongoza. Kati ya waigizaji, mmoja amesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, na mmoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliobaki wamejifunza humu humu kikundini. Usajili wetu BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ulikuwepo, lakini maombi ya kibali cha onyesho yanajitegemea, nayo tumeyaanza leo. Wanaotaka kuiga wasilisahau hili: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inatugusa na sisi wa jukwaani. (Nimeongeza baadaye: nakala za andiko na nauli za kufuatilia zilifika 64,000 hadi kibali kilipotoka.)

Jumamosi, 4 Mei

Leo hakuna mazoezi. Kimbunga Hidaya kimefika pwani, umeme hakuna, na darasa tunalolitumia linavuja. Darasa lenyewe tumepewa bure kwa jioni tatu za wiki. Tunampa mlinzi wa shule 10,000 kila wiki kwa kutufungulia na kufunga. Nauli na chakula cha waigizaji vinakula 45,000 kwa wiki, na naona mapema kwamba hapo ndipo fedha nyingi zitakapokwenda. Sitapunguza. Mtu anayetoka kazini saa 11 akaja kulia mbele yetu mpaka saa 2 usiku lazima ale.

Jumamosi, 18 Mei

Machela. Fundi wa kuchomelea ametutengenezea kwa mabomba ya chuma, urefu futi sita na nusu, kwa 95,000. Makosa yalikuwa mawili na yote ni yangu.

La kwanza ni magurudumu. Nilikubali ya plastiki, ya viti vya ofisini. Siku ya tatu moja likapasuka katikati ya tukio na machela ikalala upande. Tumenunua manne ya mpira yenye baringi kwa 38,000. Ningeanza na hayo ningeokoa wiki moja ya mazoezi.

La pili ni uzito. Kijana wetu mmoja ndiye aliyekuwa akilala kama maiti, lakini mwishoni, pale ndugu wanapoinyanyua machela, tulimtoa tukaweka godoro la sponji lililoviringishwa ili wasichoke. Haikufaa. Anayebeba sponji hujulikana: mabega hayashuki, shingo haikazi, na hakuna anayetafuta pa kukanyaga. Tukaomba mchanga kwa jirani anayejenga, tukajaza mifuko miwili ya saruji, tukaishona, tukaipima kwenye mizani ya muuza mkaa: kilo 54. Walipoinyanyua mara ya kwanza, dada anayecheza mtoto wa pili alitoa pumzi kwa nguvu bila kukusudia, "hii!", na tukaiacha hivyo hivyo. Haimo kwenye andiko, ila hakuna aliyetaka itoke.

Jumamosi, 8 Juni

Wiki ngumu kuliko zote mpaka sasa, na imetubadilishia mwanzo wa mchezo.

Nilinunua mita sita za bafta kwa 15,000 ili kijana afunikwe kwa sanda kamili katika tukio la mwisho. Alhamisi jioni mama yake mzazi akaja mazoezini. Hakuja kwa shari. Tulimwamkia, tukampa kiti, akakaa kimya mpaka tulipomaliza. Kisha akaenda kwenye machela, akashika pindo la ile bafta kwa vidole viwili, akalipapasa kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Mmeinunua wapi?"

"Kariakoo, mama."

"Mwanangu, hii ndiyo aliyovishwa baba yake mwaka juzi. Nilikuwa chumbani, nikaisikia wanavyoichana. Sanda haijaribiwi. Mtoto wangu hatalala humo akiwa hai."

Wengine kikundini walitaka tumweleweshe kwamba hili ni igizo tu. Mimi sikuweza. Tunafanya mchezo kuhusu watu walionyimwa kumzika mzee wao kwa heshima. Nitaanzaje kwa kumvunjia heshima mjane aliyeketi mbele yangu? Tulijadiliana mpaka mlinzi wa shule akaja na funguo zake kutukumbusha muda.

Tuliyoyaamua: hakuna mtu hai atakayelala kwenye machela, tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mifuko ya mchanga, imefunikwa shuka la hospitali la mtumba, la buluu iliyopauka. Sanda haionekani kabisa. Bafta haikuwa imekatwa, tukaipeleka msikitini iwekwe akiba ya wasio na uwezo.

Halafu yale maneno yake, "nikaisikia wanavyoichana", hayakututoka kichwani. Nilimwendea nyumbani Ijumaa nikamuuliza kama tunaweza kuitumia ile sauti, kwa shuka kuukuu, nyuma ya pazia, bila mtu kuona chochote. Alifikiri sana. Akasema, "Sauti siyo sanda." Basi mchezo sasa unaanza gizani, kwa kitambaa kinachochanwa polepole. Shuka moja la 4,000 kila usiku. Tumejaribu mara mbili, na mara zote mbili darasa zima limeganda.

Kijana aliyekuwa maiti sasa anacheza mlinzi wa mochwari. Sare yake 18,000, kanga doti tatu 45,000, mashuka matano 20,000.

Jumapili, 23 Juni

Taa. Nilitaka mwanga wa korido ya hospitali, ule mweupe usiomfichia mtu uchovu. Taa za jukwaani za kukodi zilimfanya kila mtu apendeze, na humu hatumtaki apendeze. Jibu likawa tyubu ndefu za kawaida zilizofungwa kwenye fremu ya mbao juu ya vichwa.

Lakini tahadhari: nyingi zinazouzwa sasa ni za LED, hazina stata (kidude kidogo cha kuiwasha tyubu) wala choki (koili nzito inayodhibiti umeme wake), zinawaka zikatulia. Sisi tulihitaji za zamani. Tulizunguka siku mbili mpaka tukapata seti nne zilizotumika, 14,000 kila moja. Stata iliyochoka huifanya tyubu ipepese bila msaada wa mtu, na fundi wetu wa umeme ameweka moja mbovu kwenye tyubu ya katikati, yenye swichi yake peke yake. Mwanzoni tuliiacha ipepese dakika sita. Dada wa tiketi akaumwa kichwa, na wapo watu ambao mwanga wa namna hiyo unaweza kuwaletea kifafa. Sasa inapepesa mara mbili tu, sekunde chache chache, na mlangoni tutaandika onyo.

Choki ndiyo iliyotupa zawadi. Tulihangaika na sauti ya majokofu ya mochwari, kila tuliyorekodi ilisikika kama feni. Fundi alipoziondoa choki kwenye fremu akazifunga juu ya sanduku tupu la mbao, zikaanza kuunguruma, mngurumo mmoja wa chini usiokatika, na sanduku likaukuza. Spika haihitajiki. Tyubu zikizimwa mwishoni, mngurumo unakatika papo hapo, ndipo unajua ulikuwa ukiusikia muda wote.

Waya na swichi 31,000. Kazi hii afanye fundi umeme, si mwigizaji mwenye bisibisi.

Jumapili, 7 Julai

Jana tuliwaonyesha majirani, kama watu 40, darasani. Walicheka.

Hawakucheka kidogo. Kaka mkubwa ameingia ndani, anavuta pindo la shuka, anasogeza simu kuelekea mkono wa baba yake: kicheko kikapasuka safu ya nyuma, kikaja mbele, mtu akapaza sauti, "Jaribu kidole gumba!" Darasa likalipuka. Mwigizaji wetu alimaliza tukio lake vizuri, akatoka, akaketi nyuma ya ubao akalia. Aliniambia hatarudi.

Usiku ule nilikuwa na hasira na majirani zangu, nikasema watu wetu wameharibiwa na vichekesho. Leo asubuhi naona nilikosea. Wakubwa waliokuwepo wamekulia kwenye maonyesho ya vikundi kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), ambako usiku mmoja ulibeba ngoma, taarabu, kichekesho na igizo, na mtazamaji alimjibu mwigizaji. Kutuitikia ndiyo namna yao ya kuwapo. Na tukio lenyewe linabana kifua. Anayebanwa hutafuta pa kutolea pumzi. Sisi hatukuwa tumempa pa kutolea hata mara moja kwa dakika hamsini.

Jumamosi, 13 Julai

Tumejaribu dawa tatu wiki hii, kila jioni tukiwaita watu kumi kumi.

Ya kwanza, muziki wa huzuni chini ya tukio la kidole. Ukawa kama filamu, watu wakacheka zaidi. Ya pili, tangazo la kuomba utulivu kabla ya kuanza. Walitulia kweli, kama wanafunzi wanaosubiri mwalimu mkuu atoke, na mchezo ukafa mikononi mwetu. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeguswa.

Ya tatu ilitoka kwa mzee mmoja jirani, Mnyamwezi, aliyekuwepo ile Jumamosi. Nilimfuata nikamwamkia, nikamuuliza kilichomchekesha. Alinijibu kwa swali: "Hao Wazaramo wenu, msiba wao mbona hauna mtani?"

Nilijiona nimesimama muda wote huu mbele ya mlango ulio wazi nikitafuta funguo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo una umri wa misafara iliyokuwa ikishuka kutoka bara hadi pwani. Kwenye msiba mtani ana kazi. Anamwigiza marehemu, anavaa kofia yake, anadai chai, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka, na hakuna anayeona wamemdharau maiti. Tuliandika msiba wa Dar es Salaam tukaunyamazisha kana kwamba watu hapa huomboleza kwa kukaa kimya.

Mwandishi amekaa na mzee jioni tatu, akamwongeza mhusika: jirani Mnyamwezi aliyewasindikiza wafiwa hospitali. Katika tukio la pili anajilaza kwenye benchi, anajifanya marehemu, anawadai wanawe madeni ya tangu utotoni, "Wewe nilikununulia baiskeli, iko wapi?" Watu wanacheka kwa ruhusa. Na kwenye tukio la kidole yumo, amesimama karibu na mlango.

Hapo tulikosea tena kidogo. Tulimpa sentensi, "Hapa utani umekwisha." Watu wakampigia makofi, na makofi yaliua tukio sawasawa na kicheko. Tukaifuta. Sasa anavua kofia tu, anageukia ukuta. Waliokuwa wakimtazama wakisubiri neno lake hawalipati. Jana, kwa mara ya kwanza, simu ilifika kwenye shuka na kilichosikika ni choki.

Kaka mkubwa amerudi. Hatukumbembeleza, alikuja kumtazama mtani, akabaki.

Jumamosi, 20 Julai

Ukumbi: 150,000 kwa siku, siku tatu pamoja na ya majaribio. Viti vya plastiki 140 kwa 300 kila usiku, jumla 84,000. Taa za ziada za kukodi 120,000. Mabango na gari la matangazo mtaani 75,000. Tumeandika kwenye bango kwamba watoto chini ya miaka 16 wasiletwe. Ni uamuzi wetu.

Mazoezi ya jana yalikatwa na adhana ya Isha katikati ya tukio la kwanza. Tunaanza saa 2 na robo usiku, baada ya swala. Baa ya jirani tuliifuata sisi wenyewe, mimi na mwandishi, tukaeleza. Mwenyewe amekubali kupunguza muziki kwa dakika 80 na hakutaka malipo.

Jenereta ya akiba 70,000 kwa usiku. Tuliiwasha nyuma ya ukuta wa ukumbi, ikameza kila neno. Tumeisogeza mita 30, nyuma ya stoo, kwa waya mnene wa fundi. Na ule mwembamba wa awali ulifanya tyubu zigome kuwaka. Petroli za majaribio na za akiba 38,400.

Jumapili, 28 Julai

Usiku wa kwanza, Ijumaa: watu 61. Umeme ukakatika kaka mkubwa alipokuwa anaingia mochwari, mtaa mzima giza. Jenereta ilichukua kama dakika nne. Waigizaji hawakusimama. Mwanga pekee ukawa wa ile simu, ukipanda kwenye uso wa kaka, ukishuka kwenye shuka la buluu. Nimeongoza michezo kwa miaka kadhaa na sijawahi kusikia ukumbi ukinyamaza vile. Mwanamke mmoja safu ya tatu alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "usifanye, usifanye."

Usiku wa pili, watu 118. Tuliamua kuzima taa zote makusudi pale pale. Haikufanya kazi. Safari hii mtaa ulikuwa na umeme, na mwanga wa baa na wa nguzo za barabarani uliingia kwa matundu ya juu ya ukuta. Giza likawa nusu giza na simu ikaonekana ndogo. Anayetaka tukio hili lazima azibe matundu kwa turubai jeusi mapema. Sisi tulifikiria saa 1 usiku, maduka yamefungwa.

Watu walicheka sana kwa mtani siku zote mbili. Alipovua kofia, Ijumaa walinyamaza wote. Jumamosi kijana mmoja alicheka peke yake, akasikia sauti yake, akaacha.

Mama yake kijana wetu anayecheza mlinzi alikuja Jumamosi, akaketi mwisho wa safu karibu na mlango. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Shuka lilipoanza kuchanwa gizani, alivuta kanga akafunika kichwa, akabaki hivyo mpaka taa zilipowaka. Hakuondoka. Alipotoka alimshika mwanawe mkono, wakaenda kupanda daladala.

Jumamosi, 3 Agosti

Hesabu. Tiketi zilikuwa 5,000, wanafunzi 3,000. Ijumaa tulipata 236,000 na Jumamosi 496,000, jumla 732,000. Mfanyabiashara mmoja wa mtaani alitusaidia 150,000. Pamoja na michango yetu, mapato yote ni 1,782,000.

Matumizi yote ni 1,949,400. Humo, nauli na chakula cha wiki 12 ni 540,000 na ukumbi 450,000, yaani zaidi ya nusu ya fedha imekwenda kwenye watu na mahali. Mapambo, mavazi na machela kwa pamoja havikufika 250,000. Tunadaiwa 167,400, nyingi yake ya jenereta. Mwenyewe tumemweleza na amekubali kulipwa mwisho wa Septemba. Kila mmoja wetu atatoa 18,600.

Tukirudia, matundu yatazibwa siku ya majaribio, na mtani ataandikwa tangu ukurasa wa kwanza. Majirani nao waje wiki ya nne, wasisubiri ya kumi na moja.

Taa tumezifunga kwenye magazeti. Machela iko nyuma ya banda la fundi wa kuchomelea, imefunikwa na turubai, na mifuko tumeifumua, mchanga tukamrudishia jirani, ambaye alikuwa akiuulizia kwa ajili ya sakafu yake.